Ombi la Jorodom Kuwa Mwanachama wa 215

Kwa Rais,
Shirikisho la Riadha Duniani,
Monaco.

YAH: OMBI LA UANACHAMA NA KURA MOJA

Somo hapo juu lahusika.

Mheshimiwa Sebastian Coe apokee salamu kutoka Jorodom, chini ya Mlima Hanang, mkoani Manyara. Jina hilo huenda ni geni ofisini kwake. Hata Watanzania wengi walilisikia mara ya kwanza Desemba 2023, tope liliposhuka mlimani na kuondoka na watu na nyumba. Safari hii Jorodom haiombi msaada wa maafa. Inaomba kura.

Hoja yenyewe ni fupi. Shirikisho lina wanachama 214, na kwenye Mkutano Mkuu, unaoitishwa kila baada ya miaka miwili, kila mwanachama ana kura moja. Marekani moja, Kenya moja, Tanzania moja. Monaco, yenye kilomita za mraba 2 na ushei, nayo moja. Mtu akitaka kukimbia marathoni nchini humo bila kukata kona, mapema tu atakuwa Ufaransa au atakuwa anaogelea, lakini shirikisho lilihamishia makao yake makuu huko mwaka 1993 likitoka London, na hakuna aliyeuliza eneo linatosha vipi. Gibraltar ni mwanachama. Montserrat pia. Kama kigezo si ukubwa, Jorodom inaona mlango uko wazi.

Kama kigezo ni mbio, basi karani wa Monaco atafute kalamu yenye wino. Gidamis Shahanga, Mbarbaig wa Hanang hii hii, alitwaa dhahabu ya marathoni kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton mwaka 1978, na miaka minne baadaye, Brisbane, akachukua ya mita 10,000. Upande wa Mbulu yuko John Stephen Akhwari, aliyeanguka akaumia goti katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akafungwa bandeji, akamaliza wa 57 na wa mwisho huku watu 18 wazima wa magoti wakiwa wameshaacha. Yuko pia Gabriel Geay, aliyekimbia Valencia kwa saa 2:03:00 Desemba 2022, kisha Aprili 2023 akawa wa pili Boston na kumwacha nyuma Eliud Kipchoge, aliyemaliza wa sita. Monaco itoe na ya kwake, tulinganishe.

Mheshimiwa atajibu kwamba Jorodom tayari inawakilishwa. Ni kweli, na njia yake inafahamika: kijiji hupeleka kwenye wilaya, wilaya kwenye mkoa, mkoa kwa Riadha Tanzania, ambayo iko chini ya shirikisho la Afrika, na juu kabisa ndipo penye Baraza la watu 26. Katika hao 26, rais ni mmoja, makamu wanne, marais wa mabara sita, wajumbe wa kuchaguliwa 13, na wanariadha wawili. Wawili! Shirikisho la watu wanaokimbia limewapa wakimbiaji viti viwili, na vingine 24 limewaachia wanaojua kukaa. Isisemwe kwamba hakuna jema: tangu uchaguzi wa mwaka 2023 Baraza lina wanawake 13 na wanaume 13, na hilo halmashauri nyingi za huku bado zinalisoma kwenye mabango.

Uchaguzi huo wenyewe, uliofanyika Budapest, uliwafurahisha sana wana Jorodom. Nafasi ya urais ilikuwa na mgombea mmoja, Mheshimiwa mwenyewe, naye akapata kura 192. Huku utaratibu huo unaitwa kupita bila kupingwa na hauhitaji semina. Machi 2025, kule Ugiriki, Mheshimiwa aligombea urais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, akakuta wapinzani sita, akaambulia kura 8 kati ya 97. Jorodom ingempa ya tisa, kama ingekuwa na ya kutoa.

Kuhusu uadilifu, mwombaji hana rekodi ya kutisha. Mwafrika pekee aliyewahi kukalia kiti cha urais wa shirikisho, Lamine Diack wa Senegal, alihukumiwa Paris Septemba 2020 kifungo cha miaka minne, miwili kati yake ikiahirishwa, pamoja na faini ya euro 500,000, kwa sababu wanariadha wa Urusi waliotumia dawa za kuongeza nguvu walilipa pesa ili kesi zao zilale. Mkuu wa kupambana na dawa hizo alihukumiwa katika kesi hiyo hiyo. Mweka hazina wa shirikisho pia, ambaye wakati huo huo alikuwa rais wa riadha ya Urusi. Jorodom ina upungufu wake, ila haijawahi kumkabidhi mwizi wa ng'ombe daftari la mnada.

Baada ya hapo kilianzishwa kitengo huru cha uadilifu, mwaka 2017, na urais ukawekewa ukomo wa vipindi vitatu. Vyema. Na kwenye kupima njia na viatu, kwa kweli, Monaco haishindwi. Njia ya marathoni hupimwa kwa baiskeli yenye kifaa cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, na kila kilomita huongezewa mita 1 isije ikapunjika. Mteremko ukizidi mita 1 kwa kilomita, rekodi haitambuliwi. Ndiyo maana saa 2:03:02 za Geoffrey Mutai, Boston 2011, hazikuandikwa kuwa rekodi ya dunia ingawa hakuna aliyekuwa amewahi kukimbia marathoni kwa kasi hiyo. Kwa wanaoishi chini ya mlima wa mita 3,420, kanuni hiyo inafuta karibu kila njia ya kwenda sokoni. Soli ya kiatu cha barabarani nayo isizidi milimita 40. Afisa anakaribishwa na rula yake; makatambuga ya huku yatafaulu yote.

Kipimo kimoja tu ndicho kinachohitaji ufafanuzi. Kiwango cha kufuzu moja kwa moja kwa wanaume kwenye marathoni ya mashindano ya dunia ya Tokyo mwaka 2025 kilikuwa saa 2:06:30. Septemba 15 jirani yetu wa Singida, Alphonce Simbu, akashinda kwa saa 2:09:48, akimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03, ikawa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Joto la Tokyo linaeleweka. Ila kiwango kile kingesomwa mwishoni badala ya mwanzoni, bingwa wa dunia angezuiwa getini.

Ada ya uanachama, kama ipo, italipwa baada ya mavuno. Pesa taslimu au mbuzi, Mheshimiwa achague.

Wako katika ujenzi wa riadha,
Jorodom.

Nakala: Riadha Tanzania, kwa taarifa. Mtendaji, Jorodom, apige muhuri.