Siri ya Watu Wanne

Benki zinatuusia: namba ya siri usimwambie mtu, hata mama mzazi. Wosia mwema. Ila mteja asiyeona akifika kwenye ATM isiyosema, siri yake ya tarakimu nne huwa ya watu wanne: yeye, mlinzi, aliye nyuma yake kwenye foleni, na jamaa wa huyo aliye nyuma.

Angalau vitufe vina adabu. Cha 5 kina kinundu. Kidole kikikigusa kinajua 2 iko juu, 8 iko chini. Ndipo zikaja mashine za malipo za kioo kitupu, laini kama kigae. Maendeleo hayo! Asiyeona aguse asichokipapasa, aidhinishe kiasi asichosomewa, kisha ashukuru kwa kuhudumiwa.

Na dawa ipo: ATM zenye tundu la spika za masikioni, zinazosoma kila hatua. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, Tanzania 2009; ibara ya 9 inadai ufikivu. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Hawakuwahi kufungua akaunti.