Shangazi, Alfama Haina Lifti

Lisbon, Ureno

 

Shangazi, nina hofu nanyi baada ya kuusikiliza ule ujumbe wako wa sauti. Nimeusikia wote mpaka mwisho, pamoja na pale ulipoukatiza ukamgombeza muuza samaki. Nimeelewa kwamba mnakuja Juni, kwamba mko watano, na kwamba viza ya Schengen haitoki mpaka muonyeshe mtalala wapi. Nimeelewa pia kwamba kila mmoja ameshajichagulia mtaa kwa kutazama picha za simu. Wewe unataka Alfama kwa sababu ina vichochoro kama vyetu. Ami anataka Belém kwa sababu ana maneno na Vasco da Gama. Binti yako anataka Bairro Alto, na sababu hakuitaja. Wale wajukuu wawili wanataka popote penye intaneti.

Kwangu msikuhesabu. Nyumba tumeichangia watu wa mataifa manne na choo ni kimoja, na kodi za Lisbon siku hizi ukitajiwa unaomba maji ya kunywa kwanza.

Basi tuanze na hiyo Alfama yako. Ni kweli ni mtaa mkongwe. Tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 liliuporomosha mji huu, likafuatwa na mawimbi ya bahari na moto, lakini Alfama ilinusurika kwa sehemu kubwa, ndiyo maana vichochoro vimebaki vile vilivyochorwa zama za Waislamu, kabla ya Mfalme Afonso Henriques kuuteka mji mwaka 1147. Nguo zimeanikwa madirishani. Bibi kizee amekaa mlangoni na anajua nani kaingia kwa nani na katoka saa ngapi. Utaona uko Kibokoni, Mombasa, na utaanza kusalimia watu.

Sasa nikwambie yasiyoonekana kwenye picha. Alfama iko kilimani, na vichochoro vyake vingi ni ngazi. Gari halifiki. Teksi inakushusha chini, dereva anakuonyesha juu kwa kidole, anakutakia heri na kuondoka, na kuanzia hapo umebaki wewe, begi lako na Mola wako. Ukimaliza ngazi za nje unazikuta za ndani, za mbao, nyembamba, zimesimama wima. Tangazo la chumba likisifu sana mandhari ya mto Tejo, jua umeshaambiwa habari ya ghorofa ya nne. Nawe magoti yako nayajua, daktari alikukataza hata kupanda darini kuanua nguo.

Mawe ya njiani nayo ni mengine. Huku wanatandaza vijiwe vyeupe vya chokaa, kimoja kimoja kwa mkono, na vimesuguliwa na nyayo za watu mpaka vinang'aa. Vikipata manyunyu, hata paka wa hapa wanatembea kwa tahadhari. Zile ndara zako za kwendea sokoni ziache Mombasa.

Halafu kuna usingizi. Wenyeji wengi wa Alfama wameshahama, nyumba zao zimegeuzwa za kulaza wageni, na wageni wana ndege za alfajiri. Magurudumu ya mabegi yao juu ya yale mawe ndiyo jogoo wa mtaa ule. Na mnakuja Juni! Usiku wa kuamkia tarehe 13 ni sikukuu ya Mtakatifu Antonio. Kila mlango una jiko la makaa, sardini zinachomwa, muziki unapigwa mpaka kunapambazuka. Sardini zenyewe hutazitia kasoro, lakini kulala usahau.

Na hili nalisema kwa adabu zote, Shangazi: nyinyi watu wa Mji wa Kale, mnaolalamika kila siku kuwa watalii wanawapiga picha mkianika nguo, mnataka kupanda ndege mwende mkawapige watu picha wakianika nguo? Alfama ni ya kwenda asubuhi, kutembea polepole kwa kuteremka, si kwa kupanda, kisha kurudi kulala kwingine. Kuna tramu namba 28 inayopita huko, nzuri mno, ya zamani, na wezi wa mifukoni wanaipenda kuliko watalii. Ukiipanda, pochi iwe ndani ya buibui.

Bairro Alto haina maelezo mengi. Mchana mtaa wote umelala, usiku mtaa wote ni baa, na watu husimama barabarani na bilauri zao mpaka alfajiri. Mwambie binti yako nimesema vyumba vimekwisha.

Baixa ndiyo iliyo tambarare, katikati ya mji. Baada ya lile tetemeko, Marquês wa Pombal aliijenga upya kwa mitaa iliyonyooka, na ndani ya kuta wakatia fremu za mbao ili ardhi ikicheza nyumba icheze nayo bila kuanguka. Inasimuliwa kwamba waliijaribu kwa kuwaamrisha askari wapige kwata kuuzunguka mfano wake. Kwa magoti yako panafaa. Kwa mfuko wako hapafai. Vijana watamnong'oneza Ami wakimuuzia bangi, ambayo mara nyingi ni majani makavu ya kutilia mchuzi yaliyoshindiliwa. Na mkikaa mkahawani, mhudumu ataleta mkate, zeituni na jibini kabla hamjaagiza kitu. Msidhani ni ukarimu. Mkigusa, mnalipa. Nakujua utasema si uungwana kukirudisha chakula cha mwenyeji. Kirudishe.

Sasa Belém, na hapa naomba Ami asogee karibu.

Ami, najua shauku yako. Vasco da Gama alitokea hapo Belém Julai 1497, na Aprili 1498 akafika Mombasa. Wazee wetu hawakumwamini. Waliogelea usiku wakaanza kumkatia kamba za merikebu zake. Kisha akaenda Malindi, wakampokea, wakampa na rubani wa kumfikisha Bara Hindi, jambo ambalo wewe mpaka leo hujawasamehe watu wa Malindi hata wakikualika harusi. Alifia Cochin mwaka 1524, na karne ya 19 mifupa yake ikahamishiwa katika kanisa la Jerónimos hapo Belém. Yumo ndani ya kaburi la mawe yaliyonakshiwa vizuri sana, na ukisoma kwamba jengo lile liligharamiwa kwa kodi ya asilimia 5 ya biashara ya Afrika na Mashariki, utajiona una hisa. Ukisimama pale, sema naye unayotaka, lakini kwa sauti ya chini, maana watu wanasali.

Ila kulala Belém hapana. Pako mbali na katikati ya mji. Mchana pana mabasi ya watalii na foleni ya vile vitobosha vya maziwa na mayai vinavyouzwa hapo tangu 1837 (vitamu kweli, nunua sita, vitaisha kabla hujavuka barabara). Jioni watalii wakiondoka hubaki wewe, upepo wa mto na lile sanamu kubwa la mabaharia lililojengwa 1960, Vasco akiwa miongoni mwao. Jumatatu monasteri imefungwa. Sioni kwa nini ulale jirani na mtu uliyemnunia miaka yote hii.

Na usidhani utamkwepa kwa kwenda mtaa mpya. Parque das Nações, upande wa mashariki, ulijengwa kwa ajili ya maonyesho makubwa ya dunia ya 1998, miaka 500 baada ya safari yake. Kuna daraja la Vasco da Gama lenye urefu wa kilomita 17 hivi. Kuna mnara wa Vasco da Gama. Kuna jumba la maduka la Vasco da Gama, na kando yake maghorofa mawili pacha yaliyopewa majina ya merikebu zake, São Gabriel na São Rafael. Utaenda kununua soksi na utamkuta. Lakini haki isemwe: mtaa ule ni tambarare, lifti kila mahali, uwanja wa ndege uko jirani, na pana tangi la samaki ambalo wale wajukuu hawatataka kulitoka. Shangazi, ukiniambia magoti yamezidi, tutakwenda huko bila ya ubishi. Kasoro yake ni kwamba ukifungua dirisha hujui uko Lisbon au Dubai.

Ami aliuliza pia habari ya ng'ambo ya mto, Almada, ambako bei ni nafuu. Feri ni dakika kama kumi kutoka Cais do Sodré, na nyinyi mliozoea kivuko cha Likoni hamfundishwi feri. Tofauti ni kwamba hii mwendao kwa miguu mnailipia, na hakuna anayeuza njugu. Lakini kila siku kuvuka kwenda na kurudi, na Shangazi akisahau miwani? Hapana. Na mtu yeyote akiwatajia chumba Alcântara chenye mandhari ya daraja la 25 de Abril, muulizeni habari ya sauti. Magari yanapita juu ya vyuma vya lile daraja na linavuma mchana kutwa.

Wareno walipokuja Mombasa hawakuhangaika hivi kuchagua mtaa. Walipaona mlangoni mwa bahari pamewapendeza, mwaka 1593 wakaanza kujenga Ngome, na Waomani ndio waliowatoa 1698. Sisi tunaambatanisha nakala za benki kuomba viza.

Rai yangu ni hii. Chukueni nyumba mtaa wa Anjos au Arroios, karibu na barabara ya Almirante Reis. Si mtaa wa picha. Majengo yake mengine yamechoka, rangi imebanduka, na hakuna atakayekuuzia sumaku ya kubandika kwenye friji. Lakini barabara ile imepita bondeni, kwa hiyo magoti yatapumzika, na chini yake inapita treni ya metro. Mkitua, mtapanda laini nyekundu hapo hapo uwanja wa ndege, mtashuka Alameda, mtabadili kwenda laini ya kijani na mmefika. Mwendo mdogo kuteremka ni Martim Moniz na Mouraria, ambako Waislamu wa mji waliwekwa baada ya ule mwaka 1147. Leo wamejaa Wabangladeshi, Wanepali, Wahindi na Wachina. Rua do Benformoso kuna mabucha ya nyama halali, na kwenye maduka ya pale utapata bamia, muhogo, mchele wa basmati na bizari zote. Nyama na maziwa msibebe, haviruhusiwi kuingizwa Ulaya na abiria kutoka kwetu. Chukueni nyumba yenye jiko, na siku ya tatu nitakuja kula.

Msikiti mkuu uko karibu na Praça de Espanha, ulifunguliwa 1985, na miongoni mwa waumini wake wamo watu wa asili ya Kihindi waliotoka Msumbiji, kwa hiyo harufu ya sambusa siku ya Ijumaa haitakushangaza. Jiandae tu na saa. Maghribi ya Juni huku inaingia baada ya saa tatu usiku. Isha utaisali ukiwa umeshasinzia.

Binti yako akinuna, mwambie kwamba mwaka 2019 jarida la Time Out liliutaja Arroios kuwa mtaa unaoongoza duniani kwa mambo ya kisasa. Asome mwenyewe. Hapo hatauliza tena habari za Bairro Alto.

Kuna jambo la choo, na nalisema kwa kuwa najua ndilo swali lako la kweli. Wareno wamesalimika kidogo katika hili: nyumba zao nyingi zina bideti, kwa hiyo maji yapo. Vyumba vilivyokarabatiwa kwa ajili ya watalii wakati mwingine vimeing'oa ili kupata nafasi. Ulizeni kabla.

Na kuna ushuru wa wageni, euro 4 kwa kila mtu kwa kila usiku, mpaka usiku wa saba. Watoto chini ya miaka 13 hawalipi. Ami ameshaniandikia kwamba ukatwe kwenye vile Wareno walivyobeba Mombasa mwaka 1505. Ami, yule kijana wa mapokezi hana mamlaka hayo.

Basi Shangazi, kabla hamjalipa chumba chochote nitumieni kwanza anwani. Muulize mwenye nyumba mambo manne na akujibu kwa maandishi: ghorofa ya ngapi, lifti ipo au haipo, jiko lipo, na maji ya chooni. Akijibu kwa kusifu mandhari, mwache. Nipigie kabla ya Ijumaa kwa sababu bei za Juni zinapanda kila siku, na ile simu yenye programu ya malipo ikae kwako, usimpe binti yako.