Hotuba ya Bingwa wa Matumbo Mnadani Katesh



Wazee wangu, akina mama, na ninyi wawili mnaogombania kongoro huko nyuma! Aliyesimama mbele yenu ni Profesa wa Matumbo. Cheo nimejipa mwenyewe, maana hajapatikana bado mwenye hadhi ya kunipa. Toka Haydom hadi hapa, hakuna aliyeshika utumbo mwingi kunishinda, na wote niliuosha.

Mada ya leo ni upasuaji wa kupunguza uzito. Daktari hutenga kifuko kidogo juu ya mfuko wa tumbo, akakiunganisha na utumbo mwembamba kule mbele, chakula kikapita njia ya mkato. Mnadhani mtu hupungua kwa sababu ya udogo wa kifuko tu? Hayo ni mawazo ya wasioosha utumbo.

Tazameni huu wa mbuzi. Huku mwishoni, karibu na utumbo mpana, zimejaa seli ambazo chakula kikizifikia mapema humwaga homoni iitwayo GLP-1. Homoni hiyo hulihimiza kongosho litoe insulini sukari inapopanda, na kuujulisha ubongo kwamba shibe imefika. Ndiyo maana kwa wengi wenye kisukari cha aina ya pili, sukari hushuka ndani ya siku chache tu, suruali ikiwa bado inabana. Daktari Walter Pories wa Marekani alipoandika habari hizo mwaka 1995, alistaajabu. Mimi sikustaajabu.

Wengine hukatwa sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo, na pamoja nayo huondoka kiwanda kikuu cha grelini, homoni ya njaa, iliyogunduliwa na Wajapani mwaka 1999.

Nasikia mtu akinong'ona, "Si wakimbie tu?" Mzee, mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walionyesha kwamba Wahadzabe, pamoja na kuhangaika porini kutwa, hutumia nguvu kwa siku karibu sawa na Mmarekani wa umbo kama lao. Mwili una hesabu zake.

Hitimisho la kitaalamu: ikiwa dawa imo utumboni, na utumbo ninao mimi, kisu cha nini? Nyweni supu!

Naona nesi amenyoosha mkono. Anasema homoni hiyo ni protini, ukiila humeng'enywa kama nyama nyingine, na ndiyo maana hata insulini huchomwa kwa sindano.

Swali zuri sana, binti yangu. Jamani, mmesikia wenyewe kutoka kwa mtaalamu wa afya: supu yangu ina protini! Bakuli elfu mbili. Maswali mengine baada ya malipo.