Shangazi Anajibu: TV Yangu Itafika?

Mwisho wa mwezi barua za mapenzi hupungua mezani kwangu, zikaja za kuhama. Kodi ya miezi sita imekwisha, mwenye nyumba kapandisha bei, dalali kapata vyumba viwili na sebule "karibu kabisa na barabara", karibu kwa mwenye miguu ya swala. Safari hii bahasha karibu zote zina swali la namna moja. Hakuna aliyeuliza kuhusu kabati la bibi wala vyungu. Ni TV tu. Haya, sogeeni.

*

Shikamoo Shangazi. Tunahama Mbagala kwenda Goba. TV yetu ni inchi 55, boksi lake hatunalo. Mume wangu anasema tuilaze juu ya godoro kwenye kirikuu, kioo kiangalie juu, ndiyo itatulia. Moyo wangu unakataa lakini sina hoja. Naomba hoja.
Mke wa Fundi Kila Kitu, Mbagala

Marahaba mwanangu. Hoja ninazo, za kumnyamazisha mpaka Goba.

Mumeo bado anaishi na TV ya chogo. Simlaumu. Huku Bara vituo vya televisheni tulivisubiri hadi 1994, wenzetu wa Zanzibar wakiwa wanatazama tangu miaka ya 1970, na tulipoijua TV tuliijua ikiwa na chogo: nzito, kioo kinene, picha ikicheza unaipiga kofi ubavuni inatulia. Ile ungeweza kuilaza, kuiburuta, kuigombeza. Hii ya kwenu ina vioo viwili vyembamba, kila kimoja hakifiki hata milimita moja, vimebanana, na katikati yake mna ute unaosaidia kutengeneza picha. Upana wake ni kama sentimita 123. Ukiilaza, pale katikati hakuna kinachoishikilia, na kila tuta kutoka Mbagala hadi Goba litaidundisha kama ngozi ya ngoma. Ikisimama, uzito unashukia ukingo wa chini, ambako iliundwa ili ibebeke. Ndiyo maana boksi lilichorwa mishale inayoelekea juu, pamoja na kile kiglasi ambacho naamini mumeo alidhani ni tangazo la baa.

Kulaza kuna ubaya mwingine, na huu hauhitaji fundi kuueleza. Kitu chochote kilicholala ndani ya kirikuu kinageuka meza. Hazipiti dakika tano, mtu ataweka ndoo ya masufuria, mwingine ataweka pasi, na shemeji yako mdogo atatafuta pa kukaa. TV iliyosimama haikaliwi.

Sasa mwambie hivi, tena kwa sauti ya upole, ili adhani ni wazo lake. Godoro analolipenda lisimamishwe kwa ubavu, liegemee bodi nyuma ya dereva. Fungueni miguu ya TV. Ifunikeni kwanza kwa shuka au kanga safi. Safi, mwanangu, maana punje moja ya mchanga ndani ya kanga ni msasa. Juu yake blanketi. Chini ikanyage blanketi jingine lililokunjwa, kioo kilitazame godoro, mgongoni iwekeeni godoro la watoto. Kamba ipite kwenye magodoro, na kazi yake iishie kuyazuia yasianguke. Mkiikaza kama mnafunga magunia ya mkaa, mtapasua kioo gari likiwa bado limezimwa. Kisha mtu mmoja akae karibu, mkono juu ya ukingo, na awe asiyechezea simu.

Ya boksi nisiinyamazie. Mnawacheka wanaoweka boksi la TV juu ya kabati miaka mitano, mnasema wanajionyesha kwa wageni. Pengine kweli wanajionyesha. Lakini siku ya kuhama ndio wanaolala usingizi. Lako ulilifanya nyumba ya paka, na zile foma nyeupe watoto wakazipukutisha hadi leo unaziokota chini ya kochi. Pita kwenye maduka ya TV pale Kariakoo, ulizia boksi tupu la saizi hiyo. Likipatikana, umepona. Likikosekana, rudi kwenye magodoro.

*

Shangazi mambo? Mimi ni bachela. TV ni inchi 43 tu. Nampa boda elfu tano, nakaa nyuma nimeikumbatia. Kimara hadi Ubungo si mbali.
Bachela, Kimara

Shangazi hasalimiwi "mambo". Shikamoo yako nimejiitikia mwenyewe.

Hiyo "tu" yako ni karibu mita moja kwa upana. Ukiiweka mbele ya kifua, umembana dereva na kioo kinagongana na kofia yake kila akikanyaga breki. Ukiigeuza ubavuni, umetweka tanga. Wajomba zangu ni wavuvi, najua tanga hufanya nini upepo ukija ghafla. Ila ngalawa ina mirengu kila upande ya kuizuia isipinduke, na boda haina. Ngoja basi la mkoani likupite kwa kasi, utanielewa ukiwa hewani.

Tafuta bajaji. TV isimame sakafuni kati ya magoti yako na mgongo wa dereva, umeizungushia blanketi. Lakini pima kwanza kwa futi ya fundi, TV na mlango wa bajaji, maana inchi za kwenye boksi hupimwa kutoka kona hadi kona na hazikwambii upana. Ikigoma kuingia, usiilazimishe kwa goti. Lipia kirikuu, mwanangu. Elfu tano yako inakutafutia hasara ya laki kadhaa.

*

Shikamoo Shangazi. Marafiki saba wa mume wangu wamejitolea kuja kutusaidia kuhama Jumamosi. Nashukuru, lakini sijalala tangu niliposikia.
Mama Wawili, Tabata

Marahaba mama, na pole. Miaka yote ya safu hii sijapata barua ya TV iliyovunjwa na shimo la barabarani peke yake. Zote zilivunjwa na watu waliokuja kusaidia.

Mtazame mwanaume anapobeba TV. Usimtazame usoni, mtazame mkono. Vidole vinne vinaenda nyuma, na kidole gumba, kwa mazoea ya kubeba mbao, kinakuja mbele na kutua juu ya kioo, karibu kabisa na kona. Kisha anafika mlangoni, anapoteza mwelekeo kidogo, anakaza mshiko. Hilo gumba ndilo adui yako. Ufa huanzia hapo, mdogo kama unywele, na huuoni mpaka uwashe.

Basi wagawe. Watano wape friji na kabati, waambie bila wao haviendi, watafurahi. Wawili uliowachagua wewe wabebe TV, kila mmoja mkono mmoja chini ya ukingo, mwingine ubavuni kwenye fremu. Wavue saa na pete. Yule mwenye mkanda wa chuma kikubwa tumboni atoe fulana nje ifunike, kwa sababu watu wakipanda ngazi huegemeza mzigo tumboni. Anayerudi kinyumenyume awe na mtu wa kumwambia ngazi ilipo. Na akitokea mtaalamu wa kujitwisha kichwani na ngata yake, mshukuru sana, mpe ndoo ya maji.

Pilau iive baada ya TV kuingia ndani, si kabla. Harufu ikiwafika wataharakisha.

*

Shangazi, shikamoo. Nilisafirisha TV kwa basi kutoka Njombe kuja Dar. Ilipofika niliiwasha papo hapo. Ina doa jeusi kama wino umemwagika, na doa linakua. Wa mizigo wanasema ilitoka huko hivyo. Nifanyeje?
Niliyewasha Mapema, Temeke

Marahaba. Doa jeusi linalotambaa ni kioo kilichopasuka kwa ndani. Mahali fulani njiani kilibanwa au kiligongwa, na hakuna fundi wa kukiziba. Hubadilishwa kioo kizima, na bei yake mara nyingi inasogelea ya TV mpya. Nenda kwa fundi ukasikie mwenyewe, lakini nenda umekula.

Kesi yako na wa mizigo imekufa kwa sababu huna ushahidi. Siku nyingine, kabla TV haijafungwa, iwashe, ichukue video ikionyesha picha nzima, kisha uchukue nyingine mzigo ukipokewa. Ukifika, ifungue palepale kaunta ukague kioo na fremu kwa macho kabla ya kusaini chochote. Mwenye haraka na asubiri.

Kuhusu kuwasha haraka, hilo halikuleta doa, lakini lingeweza kuleta balaa jingine. Njombe kuna baridi, Dar kuna joto lenye maji ndani yake. Kitu kilichopoa kikiingia kwenye hewa yetu hutoka jasho, kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji, na jasho hilo hutokea hata mahali usipopaona. Iache isimame saa chache ndani ya chumba kabla ya kuichomeka. Jirani aliyekuja kuona inchi ngapi atarudi kesho.

*

Shangazi, tumefunga TV ukutani nyumba mpya, zimebaki skrubu nne. Ni kawaida?
Baba Sele, Kinondoni

Hapana. Na usijaribu kuzibadilishabadilisha, maana za miguu na za breketi ya ukutani hazilingani. Skrubu ndefu ukiikaza kwenye tundu fupi itaenda kugusa vilivyo ndani. Ishushe, uanze upya. Siku ya kufungua ungezitia kwenye kimfuko na kuandika ni za wapi, halafu ukapiga picha waya za nyuma za kisimbuzi zilivyochomekwa. Usiku wa leo msilale chini yake.

*

Shikamoo Shangazi. TV imefika salama. Fundi wa kuifunga ukutani anakuja keshokutwa. Niiweke wapi?
Nimefaulu, Kinyerezi

Marahaba, ila bado hujafaulu. Irudishie miguu, iweke juu ya meza, basi. Kama miguu haionekani, isimamishe kwenye kona isiyo na mlango, kioo kikitazama ukuta na blanketi katikati, kochi liizuie isiteleze.

Nimesema isiyo na mlango. Mwaka jana nilihama. Ya kwangu ilipita matuta yote, mashimo yote, na mikono ya vijana wanne ambao vidole gumba vyao nilivisimamia mwenyewe. Nikaiegemeza ukutani kando ya mlango wa chumbani, nikatoka kwenda kusalimia majirani. Mpwa wangu akaja mbio kuniambia maji yametoka, akausukuma mlango, na kitasa kikatua upande wa kulia wa kioo. Sijaibadilisha mpaka leo. Naangalia tamthilia kwenye sehemu iliyobaki, na wahusika wakihamia kulia nawasikia sauti tu.