Mwalimu Nyanya

Tangu Jumamosi ya mahafali naitwa Mwalimu Nyanya. Hata watoto wa shule ya msingi, ambao siku ile hawakuwepo, wananipigia kelele nikipita na pikipiki sokoni Kibaoni: "Shikamoo Mwalimu Nyanya!" Naitikia marahaba, maana adabu ni adabu, lakini moyoni naungua.

Mgeni rasmi alikuwa ameshapita meza ya kemia, akanunua chupa mbili za sabuni ya maji. Meza ya kilimo wakampa mchele wa Mpimbwe ndani ya kikapu, akapiga nao picha. Kisha akaletwa kwetu, biolojia. Sisi hatukuwa na cha kumfungashia. Tulikuwa na kompyuta mpakato, projekta ya kuazima, shuka lililotundikwa ukutani, na juu ya shuka hilo ilizunguka polepole hemoglobini ya selimundu, yaani protini ya damu ya mwenye ugonjwa huo, nyeupe pee, iliyotoka kwenye faili ambalo wanasayansi duniani kote wanalijua kwa namba 2HBS. Mpango ulikuwa mzuri. Kijana angeandika amri, kipande kidogo kingewaka chekundu, binti angeeleza kwamba pale ndipo ugonjwa unapoanzia, mgeni rasmi angetikisa kichwa na kuahidi kompyuta.

Kijana akaandika amri. Weupe ukabaki weupe.

"Mwalimu, haitaki," akaninong'oneza.

"Rudia."

Akarudia. Kimya. Wazazi wa nyuma wakaanza kuongea habari za bei ya mahindi. Mshereheshaji, mtu asiyeweza kuvumilia kimya cha sekunde tano, akashika kipaza sauti: "Tuvute subira ndugu zangu, sayansi inachemka!" Kijana akatokwa jasho, akaandika amri nyingine fupi zaidi, ya kuipaka ngozi yenyewe, bila kutaja sehemu gani. Dude zima likawa jekundu, juu mpaka chini, linang'aa, na bado linazunguka taratibu kama linauzwa.

Mgeni rasmi akainama, akalitazama kwa makini. "Hongereni sana walimu," akasema, kwa upole wa mtu aliyezoea kuonyeshwa mambo ziarani. "Nyanya hii mmeipiga dawa gani?"

Turubai lilitetemeka kwa kicheko. Nilipofungua mdomo nieleze, mshereheshaji alikuwa ameshaita kwaya.

Basi nieleze hapa. Hemoglobini haina ngozi. Ndani ya faili mna anwani za atomu tu: hii iko hapa, ile iko pale. Ngozi ile laini inayoonekana kwenye kioo inatengenezwa na programu. Inachukua tufe la kufikirika lenye nusu kipenyo cha angstromu 1.4, ambalo linasimama badala ya molekuli moja ya maji, na angstromu moja ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita. Tufe hilo linabingirishwa juu ya atomu zote. Linapogusa, hapo ni ngozi. Linaposhindwa kupenya katikati ya atomu mbili zilizobanana, uwazi unazibwa kwa mkunjo. Kwa maneno mengine, unachokiona ni mpaka wa maji: hapa yanafika, hapa hayafiki. Lee na Richards walianza kuupima mpaka huo mwaka 1971, na mwaka 1983 Michael Connolly akachapisha hesabu za kuuchora ukawa laini. Mimi nikilifikiria lile tufe linavyobingirika bondeni na mlimani juu ya protini, nasahau hata kula.

Sasa rangi. Ngozi hiyo imegawanywa katika pembetatu ndogondogo, maelfu kwa maelfu, na kila ncha ya pembetatu inaiuliza atomu iliyo karibu nayo zaidi: wewe rangi yako ipi? Ikijibiwa nyekundu, inavaa nyekundu. Kwa hiyo ngozi hupakwi. Unapaka atomu zilizo chini yake, nayo inaiga. Isipokuwa, na hapa ndipo lilipojificha jinamizi langu, kama ngozi ilishapewa rangi yake yenyewe. Ikishapewa, haiulizi tena. Usiku wa kuamkia mahafali ilipewa weupe ili ipendeze shukani. Kwa hiyo kijana wangu alipoandika amri, atomu zilitii! Chini ya ule weupe zilikuwa nyekundu tayari, sawasawa kabisa, zimejaa tele, na hakuna jicho lingeweza kuziona. Programu haikusema neno. Haikukohoa. Mashine ya kusaga ya hapa kijijini ikikwama inalia mpaka mtaa wa pili, lakini programu iliyoandikwa na madaktari wa falsafa inakutazama tu unavyoaibika mbele ya wazazi.

Programu hiyohiyo, nisisahau, inajua rangi ya samaki wa Norway, rangi ya ngano na rangi ya matunda ya porini ya Ulaya. Uiombe damu ya mzee, rangi inayojulikana na kila fundi cherehani wa Mpanda, na tunazungumzia damu hapa, inakwambia haiijui.

Jumapili nikagundua kwamba hata mambo yangeenda vizuri tusingeona kitu. Hemoglobini moja ina amino asidi 574. Tofauti ya selimundu ni moja tu katika kila mnyororo wa beta, namba sita kati ya 146: penye asidi ya glutamiki, inayopenda maji, imekaa valini, inayoyakimbia. Hemoglobini ikishaachia oksijeni, valini hiyo inapata kishimo kwenye molekuli ya jirani na kujichomeka humo, na ya jirani inamfuata mwingine, mpaka nyuzi ndefu zinaipinda seli nzima. Lile faili la 2HBS linaonyesha molekuli mbili zikiwa zimeshikana hivyo. Ndani yake mna valini nne za namna hiyo, na ile iliyofanya kazi ya kushika imebanwa ndani ya jirani. Ukiwavika wote wawili ngozi moja, valini hiyo karibu yote inafunikwa. Lazima umvike kila mmoja ngozi yake, kisha mmoja umfanye apenye mwanga.

Picha ya namna hiyo nayo nikaenda kuichapisha Mpanda. Mashine ya steshenari ilikuwa imeishiwa wino mwekundu, nikapewa hemoglobini ya kijani. Projekta niliyoazima imerudishwa ikiwa na mjusi ndani.

Ningecheka na mimi. Lakini mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walishaonyesha kwamba selimundu ni ugonjwa wa molekuli, na mwaka 1957 Vernon Ingram akaitaja amino asidi yenyewe. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alishaeleza kwa nini hali hii imejaa huku kwetu: aliyerithi upande mmoja tu anapata kinga dhidi ya malaria kali, na bonde letu la Rukwa lina mbu wa kutosha. Yote hayo yalijulikana kabla Tanganyika haijapata uhuru. Leo inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu nchini kila mwaka, na bado kitabu cha darasani kinawaonyesha damu yao kwa duara la wino mweusi.

Pale mahafali, nyuma ya mstari wa pili, alikaa binti wa kidato cha pili ambaye kila baridi ya Juni inapoingia haonekani shuleni. Walimu wenzangu wamemwandika mtoro. Nyumbani wamemzungusha kwa waganga, na baba yake alishaondoka akidai ugonjwa umetoka ukoo wa mama. Kile kipande chekundu kilikuwa cha kuwaambia wao. Yeye hakucheka. Mtoto hapati selimundu kwa kurithi upande mmoja. Hurithi kwa baba na kwa mama, wote wawili, na mara nyingi wote wawili hawaumwi kitu.

Kwa hiyo niiteni nyanya, nimeshazoea. Lakini mwenye mtoto mchanga anayevimba viganja na nyayo, anayelia akishikwa, ampeleke hospitali akapimwe damu kabla ya kwenda kwingine kokote. Matone machache yanatosha. Na baba aende naye, maana nusu ya jambo hilo ni lake.