Nyota Nne, Kura Moja
Mwaka 2013 Jenerali mstaafu Stanley McChrystal, aliyeongoza vita Afghanistan, alisema bunduki za kivita zinawafaa askari, si mitaa ya Marekani. Lo! Wapenzi wa bunduki, wasiopitwa na askari bila kumshukuru kwa utumishi wake, wakagundua kumbe mzee hajui bunduki. Anayeijua ni jirani yao mwenye kitambi. Na wasiomwamini jenerali kuhusu vita yoyote, ghafla wakazipenda nyota zake. Mimi ningemsikiliza akieleza risasi inachomfanya mtu. Kwenye sheria ana kura moja, kama kinyozi wake. Ila kambini bunduki ya jeshi hufungiwa ghalani, hutolewa kwa saini. Texas, raia akimuuzia mwenzake ya kwake, hata kalamu haihitajiki.