Jinsi ya Kupaka Vanishi Itakayobambuka Kabla ya Masika

Hongera kwa baraza jipya la mbao. Mbao za paini zimeshuka juzi kutoka Mafinga, bado zina ukijani wa dawa ya mchwa na uzito wa kumtoa fundi jasho. Jana zimepigiliwa Kigamboni, mbele ya nyumba, bahari ikionekana pale. Jumamosi una wageni. Kwa hiyo paka leo.

Fundi huenda akaleta maneno. "Bosi, mbao bado mbichi. Tuziache kwanza." Usimsikilize, huyo anatafuta posho ya siku za ziada. Ni kweli kwamba dawa ile husukumiziwa ndani ya mbao ikiwa maji maji, kwa mgandamizo, ndani ya tangi, na kwamba maji hayo huchukua wiki kadhaa kutoka, pengine miezi. Lakini yakitaka kutoka yatajua njia: yatainua vanishi juu iwe malengelenge. Wapo wanaodondosha matone ya maji kwenye ubao wakangoja. Yakinywewa upesi, mbao iko tayari. Yakikaa juu bila kuzama, bado. Sasa mtu mzima na heshima zako, uinamie tone la maji majirani wanakuona?

Ukiona fundi ametoa msasa namba 60 au 80, mnyang'anye. Mpe 220, ule wa makabati, asugue mpaka kiganja kiteleze. Ubao wa nje ukilainishwa hivyo vinyweleo vyake huziba na rangi hubaki juu juu, ila hakuna mgeni aliyewahi kuuliza habari za vinyweleo. Vumbi lisifutwe. Litapakwa humo humo.

Dukani ndiko penye mtihani. Utaonyeshwa makopo mawili. La kwanza ni mafuta ya mbao yenye rangi kidogo. Yanazama, hayang'ai, na kila baada ya mwaka au miwili unasafisha na kuongeza mkono mwingine bila kukwangua chochote. Yanachosha hata kuyasimulia. La pili ni vanishi ya klia, ya meza na makochi ya ndani, inayong'aa ingali kwenye kopo. Beba hiyo. Kwa kuwa haina rangi, jua linapenya hadi kwenye mbao na kuivunja ile gundi ya asili inayoshika nyuzi zake. Uso unageuka kijivu, nyuzi zinalegea, na vanishi inakosa pa kushika. Mafundi wa majahazi wa pwani hii walipaka sifa, mafuta ya papa, miaka nenda miaka rudi, na mbao zao zilikuwa zinalala majini. Lakini sifa inanuka, nawe umealika watu.

Misumari umenunua ya kawaida, isiyopakwa zinki? Vizuri sana. Shaba iliyomo kwenye dawa na chumvi ya bahari zitasaidiana kuila, na baraza litapata michirizi ya kutu bure.

Anza saa saba mchana, jua la utosi, ili vanishi ikauke kabla haijapata nafasi ya kuzama. Ukichagua rangi, usikoroge kopo. Rangi hutuama chini, hivyo ubao wa mlangoni utatoka chai ya maziwa na wa mwisho kahawa tungu. Simu ikilia, pokea katikati ya ubao. Mpaka wa pale ulipoishia utabaki hapo kwa kumbukumbu. Kopo likielekea kuisha, ongeza tina, lizae la pili. Ncha za mbao, pale msumeno ulipopita, usiziguse. Ndizo zinazokunywa maji kuliko sehemu nyingine yoyote, lakini ziko pembeni na hazitokei kwenye picha.

Hapa naacha utani. Matambara yaliyolowa mafuta ya mbao, hasa yenye linsidi, usiyarundike pembeni. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na joto likikosa pa kutokea rundo linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Yatandaze moja moja nje hadi yakauke, au yaloweke kwenye ndoo ya bati yenye maji na mfuniko. Haya, tuendelee kuharibu.

Mkono wa kwanza ukiwa bado unanata, weka wa pili, tena mzito. Ijumaa usiku panga viti. Miguu ya viti itazama kidogo kwenye vanishi, na Jumapili utavibandua navyo vitaondoka na sehemu yao.

Mwezi Machi, wingu la kwanza likishaangusha mvua, vanishi itakuwa inanyanyuka vipande vipande na watoto wanaichuna kwa kucha. Ndipo umpigie fundi, umfokee kwamba kazi yake mbovu. Atakuja na kikwangulio, atazunguka baraza mara moja akiligonga gonga kwa kidole cha mguu, wala hatakukumbusha alichokuambia. Atataja tu bei ya kukwangua, ambayo ni kubwa kuliko ile ya kupaka, na atataka advansi.